Silinda Nne za Shemeji Kuwabara

Shemeji yangu Kuwabara alikaa na pikipiki, Honda mia saba hamsini, kwa miaka ishirini na minne, na barabarani hakuitia hata siku moja. Hata sisi tulicheka, mpaka tukachoka kucheka.

Alikuwa fundi wa kiwanda cha piano hapa Hamamatsu, kazi yake kupanga zile nyundo ndogo za ndani. Mtu mfupi, kilo hamsini na mbili akiwa ameshiba. Dada yangu Sayoko alimzidi urefu, na wala hakumwacha asahau. Pikipiki yenyewe ilipotoka mwaka 1969 watu waliduwaa: silinda nne zimejipanga ubavu kwa ubavu, bomba nne za moshi, breki ya diski mbele, mwendo unakaribia mia mbili. Ukimkaribisha chai tu, atakwambia cc 736, nguvu za farasi sitini na saba, kilo 218 bila petroli.

"Na wewe kilo ngapi bila wali?" dada alikuwa akimuuliza.

Aliinunua Juni 1975. Leseni akasema ataishughulikia baada ya Obon, akishazuru makaburi ya wazee wake, maana kiwandani kazi zilikuwa nyingi. Obon ikapita, bado kazi nyingi. Oktoba sheria ikabadilika. Kabla ya hapo leseni moja ilitosha kwa pikipiki ya ukubwa wowote. Sasa anayetaka kuvuka cc mia nne aende kituo cha leseni akatahiniwe na polisi, na ule mtihani uliwekwa ili watu wafeli. Unakuta pikipiki imelazwa chini. Afande anakwambia, inua. Ukishindwa, rudi nyumbani.

Alirudi nyumbani mara kumi na tisa.

Sayoko alikuwa ameshanunua helmeti yake nyeupe. Ahadi ilikuwa wazunguke Ziwa Hamana kwa pikipiki, washuke wale samaki mkunga wa kuchoma. Basi kila masika dada anauliza, "Mwaka huu?" Naye anajibu, "Mwaka huu." Mkunga wakaenda kumla kwa treni. Jumapili shemeji anaiwasha pikipiki bandani, iko kwenye stendi, dada anavaa helmeti, anapanda nyuma, anamshika kiuno. Dakika kumi hivi. Kisha anaizima, wanaingia ndani kula.

Mwaka 1996 sheria ikalegezwa, ukaweza kusomea na kutahiniwa kwenye shule ya udereva. Nikamfuata siku ileile.

"Shemeji, jiandikishe basi. Umzungushe dada japo mara moja!"

"Hiyo ni leseni ya kununua, shemeji. Siitaki. Mimi nitainua mbele ya afande."

"Afande gani? Si ameshastaafu huyo!"

Sayoko alicheka mpaka akakohoa. Tukadhani ni kikohozi tu.

Alifariki Februari 1999. Siku ya arobaini na tisa, kama ilivyo desturi, tukaweka kaburini mifupa yake iliyobaki baada ya kuchomwa. Sikulia. Kuwabara naye hakulia. Tuliwainamia watu, tukashukuru, tukala vyakula vya msiba vilivyopoa, kila mmoja akashika njia yake. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Nilipika, nilifua, nililala. Ukiniuliza nilikula nini Aprili ile, sijui.

Mwezi wa Mei, asubuhi, nikasikia muungurumo getini kwangu. Kuwabara huyo, juu ya pikipiki, helmeti nyeupe imefungwa kamba kiti cha nyuma. Akashuka, akaiegesha, akanipa leseni kwa mikono miwili niione.

"Wiki tatu," akasema. "Shule ya udereva. Natoka ziwani sasa hivi."

"Ulikwenda na nani?"

"Na helmeti."

Miezi mitatu sikuwa nimehisi kitu, nami nilidhani nimekwisha. Hapo ndipo hasira zilipokuja, zote kwa mpigo. Wiki tatu! Dada yangu amekaa nyuma ya pikipiki iliyosimama miaka ishirini na minne, kumbe ni wiki tatu! Nikaisukuma ile pikipiki kwa mikono yote miwili. Ikaanguka pwaa, kioo cha pembeni kikavunjika vipande vipande.

Hakunifokea. Aliigeuzia mgongo, akachuchumaa, akakiegemeza kiuno kwenye kiti, akashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, akarudi kinyumenyume hatua ndogondogo. Ikainuka. Ana miaka hamsini na tisa, na hata kuguna hakuguna.

"Kumbe ulikuwa unaweza," nikasema.

"Sikuwa naweza. Nilikuwa naivuta kwa mikono. Haiinuki kwa mikono, inainuka kwa miguu." Alikuwa akitazama tangi, anafuta vumbi kwa kidole. "Mwalimu alinionyesha siku ya kwanza. Dakika tano hivi."

"Na zamani hakukuwa na mtu wa kukuonyesha?"

"Walikuwepo. Sikumuuliza mtu."

Akaniuliza kama nataka kupanda. Nikamwambia sitaki. Nikaenda kuleta ufagio, nikafagia vile vioo, naye akabaki amesimama ameishikilia pikipiki, stendi hakuiteremsha.