Heroe wa Obura Hawasimami

Ndege wa Obura wote wamekaa. Ukipita nyuma ya landi, nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, utawaona kando ya mlango wake, heroe saba wa chuma, matumbo chini, shingo zimekunjwa, kama abiria waliokosa treni. Nimeona mafundi wa vyuma katika miji mingi, lakini sijaona mwingine anayewanyima ndege miguu. Nilimwuliza sababu. Alisema, "Kaa, basi," akanisogezea debe.

Obura hutengeneza boila kwenye karakana ya treni. Mwaka wa 1953 alianza kuokota vyuma chakavu: sahani ya plau iliyopasuka ikawa bawa, springi ya kiti cha lori ikawa shingo, nati zilizolika zikawa macho. Alitaka kitu kimoja tu, heroe asimame kwa mguu mmoja bila kuegemea chochote, kama wale wa ziwani wenye miguu mirefu. Wawili wa kwanza walianguka. Miguu yao ya nondo ilipinda. Wa tatu alimpa mguu wa bomba, akamjaza nati tumboni moja moja mpaka uzito ukakaa sawa. Ilimchukua miezi saba, kila Jumapili baada ya kanisa. Siku ndege aliposimama, mkewe Truphosa alimsukuma kidogo kwa mwiko. Akayumba, akatulia.

Wiki iliyofuata askari walianza kupekua landi. Ilikuwa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Watu wa msituni, waliopigana na serikali hiyo, walikuwa wakiunda bunduki kwa bomba, springi na komeo za milango, na aliyekutwa na vitu hivyo aliweza kupelekwa kizuizini. Obura hakuwa amefikiria hilo. Kwake bomba lilikuwa mguu.

Kemboi, askari aliyekaa landi ya pili, alitangulia peke yake adhuhuri.

"Mzee Obura, hii bomba ni ya nini?"

"Ni mguu."

"Mguu ya nani?"

"Ya ndege."

Wanawake waliokuwa wakiteka maji kwenye mfereji walicheka. Kemboi hakucheka.

"Huyu ndege yako akikohoa, mtu atakufa. Mzungu anakuja saa kumi. Asikute bomba hapa."

"Nikimficha kwa makaa?"

"Tutamwaga makaa. Mzee, sasa nimekuja kama jirani. Nikirudi nitakuwa askari."

Alipoondoka, Truphosa alisema, "Baba Joash, ndege utatengeneza mwingine. Wewe nitakutengeneza na nini?"

Obura alimlaza ndege juu ya kipande cha reli anachofulia chuma, akaupiga mguu kwa nyundo kutoka juu mpaka chini, tundu likazibika. Alipomwinua, mguu ule bapa ulijikunja. Akauingiza wote chini ya tumbo, na springi ya shingo akaifunika kwa bati.

Saa kumi Mzungu alifika na Kemboi, akamtazama ndege, akasema neno, akaenda mlango wa pili.

"Amesema nini?" Obura aliuliza.

"Amesema ni bata mzuri," Kemboi alijibu.

Sasa imepita miaka minne. Mabomba yamejaa jalalani na hakuna anayeyaulizia. Nilimwambia hivyo Obura. Alikuwa na ndege wa nane mapajani, akisugua ukingo wa bawa kwa tupa.

"Nilijaribu mwaka jana," alisema. "Nilishika bomba, mkono wenyewe ukatafuta nyundo."

Akapuliza vumbi la chuma, akaendelea kusugua.