Ndege wa Ndani ya Ngitili

Mimi ni mwanamke mtu mzima, nauza vitenge Bariadi, na ninapiga picha ndege. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nimechekwa miaka sita na bado sijaacha. Mawifi zangu wanasema nimepungukiwa kazi. Wateja wananiuliza, hao ndege wenyewe wanaliwa? Siku nyingine najibu, siku nyingine nawakunjia kitenge chao waende zao.

Kamera niliinunua kwa mpiga picha wa harusi aliyekuwa anaacha kazi hiyo. Ina lenzi ndefu kama mchi. Naiweka kwenye kikapu juu ya mzigo kila nikienda minadani, iwe Nkoma, iwe Nyashimo, popote vitenge vinaponunuliwa, kwa sababu njiani kuna ndege ambao mjini huwaoni. Nisiyemjua, picha yake naituma kwenye kundi la simu la wapenzi wa ndege. Humo wamo wataalamu wa kweli na wamo wajuaji tu. Karibu kila mara jibu lilikuwa lile lile: "Mama, huyo ni wa kawaida." Nilikuwa natamani siku moja, moja tu, niwapelekee asiye wa kawaida wanyamaze.

Ilikuwa kiangazi, tunarudi kutoka mnadani. Mnada upi, usiniulize. Nilikuwa nyuma ya pikipiki ya bodaboda wangu wa siku zote, mzee mwenye mvi na manung'uniko. Kulia na kushoto nchi ilikuwa imekauka, mashamba matupu na vumbi. Halafu kikatokea kipande cha nyasi ndefu, za njano, hazijaguswa na mnyama, na ndani yake migunga mifupi, ile yenye vinundu vyeusi ambamo sisimizi hufanya nyumba. Juu ya mgunga mmoja nikaona ndege.

"Simama!"

"Tena?" akasema dereva.

Alikuwa mdogo, wa kijivu, tumbo jeupe, na doa jeupe kwenye bawa. Mtu mwingine asingegeuka. Lakini mimi ndege wa kijivu wa barabara zetu nawajua wote, na huyu hakuwamo. Nikashuka, nikaingia majanini na gauni langu na viatu vyangu vya mjini, nikapiga picha nne. Ya tatu ilitoka safi, hata jicho lake linaonekana.

"Bebe, wewe! Toka humo!"

Mama mmoja alikuwa anakuja mbio mbio, fimbo mkononi, ana umri wa kunizidi kidogo. Dereva akakohoa nyuma yangu. "Nilitaka kukwambia. Hiyo ni ngitili."

Mtu wa mjini anaona nyasi. Msukuma anaona ghala. Ngitili hufungwa mvua zinapoisha: haiingii ng'ombe, haichomwi moto, mpaka kiangazi kikaze kabisa ndipo wafunguliwe ndama na maksai wa kulimia. Haina ukuta wala waya, mpaka wake kila mtu anaujua. Na mimi nimezaliwa Bariadi, neno lenyewe nalijua tangu utoto, na bado nilikuwa nimesimama katikati nimelaza nyasi za watu. Aibu iliyoje!

"Mwadila, mayu," nikasalimia.

Hakuitikia. Kwa Wasukuma, ukinyimwa salamu jua umeshahukumiwa.

"Futa," akasema, akionyesha kamera kwa fimbo.

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. "Nyasi nimekanyaga, niadhibu kwa nyasi. Picha ni yangu."

"Yako kivipi? Umeichukua kwangu!"

Tukabishana juani, wanawake wawili wenye vichwa vigumu, mpaka dereva akaenda kujitafutia kivuli. Ndipo yule mama akanieleza. Kule alikoolewa, mbali na hapo, walikuja watu wenye kamera kama yangu. Wakapewa maziwa. Wakapiga picha miti, wanyama, ndege, wakashukuru sana. Baadaye vikaja vigingi vyenye rangi nyekundu, na kijiji kizima kikaambiwa kihame, eti pale pana viumbe adimu.

"Sisi hatukuwa adimu," akasema. "Tulihama na maksai wawili. Hii ngitili nimeilinda kwa fimbo hii hii. Ukiwaambia wenzako kuna ndege hapa, wakija kuniondoa, ng'ombe wangu watakula nini? Picha?"

Nikamwonyesha ile picha ya tatu kwenye kioo cha kamera. Akainama akatazama, akacheka kwa dharau.

"Haka? Haka kako humu siku zote. Kanakaa kwa sababu sichomi moto. Kweli mjini hamna kazi!"

"Wallahi, mama, mahali hapa hapatatoka mdomoni mwangu."

"Viapo vya wenye maduka hivyo," akasema, akitazama mzigo wa vitenge kwenye pikipiki. "Na huyo wa pikipiki?"

"Mimi napita hapa kila siku sijawahi kuona ndege," akasema dereva kutoka kivulini. "Leo ndiyo nimwone?"

Mama akashusha fimbo, akaitikia salamu yangu, akatuelekeza pa kutokea bila kuzidi kukanyaga.

Kesho yake, dukani, nikatuma picha. Kundi likawaka moto. Mtaalamu mkubwa wa kundi, ambaye miaka sita hakuwahi kunijibu zaidi ya kidole gumba, akanipigia mwenyewe. Ndege yule ni wa nadra, watu wanamtafuta kwa darubini hawamwoni. "Hongera sana, mama! Tuma lokesheni."

"Simiyu."

"Simiyu kubwa hiyo."

"Ndiyo, mkoa mzima."

Akacheka, akidhani natania. Akasema jina langu litaandikwa kwamba ndimi niliyemwona. Ataleta wageni na mimi nitawaongoza. Sitadanganya, nilitamani. Niliwaza mawifi zangu wakilisoma jina langu.

"Mkija mtafanya nini?" nikamuuliza.

"Kumwona tu. Na kuhakikisha pale mahali panalindwa."

"Panalindwa tayari."

"Na nani?"

Nikakata simu. Hata jibu hilo lingekuwa njia ya kumfikisha pale.

Siku hazikupita nyingi, akaandika kundini: bila mahali, rekodi haikubaliki. Mwingine akaongeza kwamba picha kama hizi watu huziokota mtandaoni. Watu niliowaita wenzangu wakabandika vicheko. Damu ilinichemka! Ningeweza kuwanyamazisha wote kwa jina la kitongoji kimoja tu. Nilikuwa nimeshaanza kuliandika. Nikalifuta herufi kwa herufi, nikabonyeza alama ya sauti, nikasema taratibu wasikie vizuri:

"Andikeni kwamba kuna mama Bariadi ni mwongo, anaokota picha. Mahali nimepasahau. Kiangazi kijacho nitapita tena, nitamwona tena, na nikifika nyumbani nitakuwa nimepasahau tena."