Kamba Ndani ya Glavu

Lukasi Hiza aliteremka kutoka Vugiri mwaka wa 1963 na Biblia, shuka moja na ngumi nzito ambazo Mungu, sijui kwa nini, alimpa mtu mpole. Tulikata mkonge pamoja karibu na Korogwe, na siku za mapumziko alipigana ndondi. Kabla ya kila raundi alipiga magoti kwenye kona akaomba hekima. Ushindi hakuuomba kamwe. Mimi, Kaleb, msaidizi wake, jambo hilo nililichukia sana.

Mwaka wa 1966, Sadala, bondia wa Kwamsisi huko Handeni, alimvunja taya ulingoni Ernesti, mdogo wake Lukasi. Ernesti akawa anafyonza uji kwa bua la jani la mpapai. Basi Lukasi alipopangiwa Sadala siku ya Sabasaba, nilimzungushia kamba ya mkonge kwenye mikono, nikamvisha glavu juu yake.

"Kaleb, hii si haki."

"Na taya la Ernesti?"

Siku hiyo aliingia raundi ya kwanza bila kupiga magoti.

Ngumi ya kwanza ilichana nyusi ya Sadala. Ya pili ikapasua shavu, damu ikaruka mpaka kwenye shati la refa. Nilishangilia kuliko wote. Lukasi alipiga na kupiga, mpaka mwenzake akawa haoni tena, anapapasa hewa. Kengele ikalia.

Lukasi alirudi kwenye kona akapiga magoti.

"Bwana, nipe akili," alisema. "Naenda kuua mtu." Kisha akaniambia, "Fungua."

Nikakataa. Akang'ata nyuzi za glavu, akavuta glavu zikatoka. Lakini kamba ilikuwa imelowa jasho, na kamba ya mkonge ikilowa hujikaza; haikufunguka. Akaenda nayo hivyo hivyo kwa refa, mikono juu.

"Nani amekufunga?" refa aliuliza.

"Mimi mwenyewe."

Hakuna mtu anayeweza kujifunga mikono yote miwili namna ile. Refa alilijua hilo, na mimi nililijua zaidi. Nilisimama na ndoo yangu, kimya, mwoga mkubwa.

Watu wa Handeni waliruka kamba za ulingo, na wetu wakafuata kwa hasira ya kuaibishwa. Walimpiga kwa fimbo, mawe na viatu. Lukasi alijikunja chini bila kurusha hata ngumi moja. Polisi walipowatawanya, mbavu mbili zilikuwa zimevunjika na sikio la kushoto lilikuwa limekufa.

Sadala alipona na macho yake yote. Lukasi alifungiwa ndondi maisha, akaendelea kukata mkonge.

Tangu hapo kila Jumapili kanisani nilikaa kushoto kwake. Wakati wa toba nilinong'ona kwenye sikio lile bovu: "Nisamehe, Lukasi. Ni mimi." Miaka minane nilifanya hivyo, nikatoka kila mara nimejitua mzigo kidogo.

Mwaka wa 1974, Jumapili ya mwisho kabla hatujahamia kijiji cha ujamaa, nilikwenda kukaa mahali pangu. Lukasi akasogea kwenye benchi, akanishika mkono.

"Leo kaa kulia, Kaleb," alisema. "Nataka kusikia."