Mgao wa Nyimbo za Fundi Makochi

Nilimfahamu fundi makochi siku nilipokodi nusu ya chumba chake cha kazi ili niuzie humo magodoro. Tulivutana bei mpaka chai ikapoa. Mimi nikamshusha kwenye kodi, yeye akanibana kwenye umeme, tukapeana mikono kila mmoja akijiona mjanja. Kitu kimoja sikukiulizia: redio.

Redio ilikaa kwenye rafu, kati ya gundi na kopo la pini. Ilichomekwa flashi yenye nyimbo alizokusanya fundi na mkewe tangu walipooana, za mume za dansi na za mke za kwaya, humo humo. Kitufe cha kuchanganya kiliwahi kubonyezwa kikanasa, kwa hiyo redio ilijichagulia yenyewe. Fundi naye haruki wimbo. Ukianza, umeanza.

Sasa, godoro hujaribiwa kwa kulaliwa. Bwana mmoja alijilaza chali, akafumba macho, akasema hili linamfaa mgongo. Hapo hapo redio ikatoka kwenye dansi ikaingia kwenye wimbo wa kumuaga marehemu, sauti nne, taratibu. Akafumbua macho, akajitazama alivyonyooka, mikono kifuani. Akavaa viatu, akasema atarudi. Hajarudi.

Nikamwambia fundi afute nyimbo za msiba. Akasema si zake, ni za mkewe, na waliachana mwaka juzi. Mke sasa anashona sare za shule mtaa wa pili. Akizitaka atazifuata mwenyewe. Akaendelea kugonga pini.

Nilimkuta mama huyo kwenye cherehani, utepe wa kupimia shingoni. Nikamsalimu, "Habari za kazi, shemeji." Akanijibu bila kuinua uso kwamba ushemeji uligawanywa pamoja na masufuria. Nikamweleza kuwa nyimbo zake bado ziko kule, zinapigwa ovyo mbele za watu. Cherehani ikasimama. Nikasema naweza kumtolea nakala. Hakutaka nakala. Alitaka mwenzake asibaki nazo. Nikajua nimepata mtu wa kufanya naye kazi.

Kesho yake akaja baada ya kufunga duka lake. Nyimbo hazikuwa na majina, namba tu, kwa hiyo njia ilikuwa moja: tusikilize, mwenye wimbo aseme wangu, mimi niandike namba kwa chaki ubavuni mwa kabati, na mwishoni za mke zifutwe. Nilitarajia tumalize jioni ile ile. Lakini wimbo wa kwanza alioudai ulipofika katikati, akaingia mwimbaji wa dansi, kipenzi cha fundi. Wakazozana, kisha wakakubaliana kila wimbo usikilizwe mpaka mwisho. Redio nayo ikawa inarudia nyimbo zilizokwisha gawanywa. Nazo wakazisikiliza.

Mama wa watu akawa anakuja kila jioni, anaketi juu ya godoro langu la maonyesho, anashona vifungo ili muda usipotee. Mauzo yakazidi kushuka. Wateja walichungulia mlangoni, wakaona mume, mke na mtu wa kati, wakadhani ni kikao cha familia, wakapita zao.

Ndipo ukaja wimbo wa mtu anayelilia baiskeli iliyoibiwa. Kinanda kibovu, mwimbaji ana mafua, na baiskeli yenyewe haipatikani mpaka mwisho. Nikashika chaki. Hakuna aliyesema wangu. Ulipoisha nikauliza ni wa nani.

"Wa kwake huo," fundi akasema.

"Wangu mimi? Si wako?"

"Niupendee nini? Miaka yote naunyamazia kwa ajili yako."

"Mimi ndiye niliyenyamaza, bwana. Kila ukianza unafumba macho. Nikasema basi, acha astarehe."

"Nilikuwa navumilia."

Mimi nilielewa mara moja. Nikawaambia aliyewajazia flashi alitia huo kuwa nyongeza, kama mimi ninavyotia mto mbovu kwenye godoro lisilotoka. Hawakunisikia. Mama aliweka kifungo chini, akauliza nini kingine alichovumilia. Fundi akafikiri sana, akataja mapazia ya kijani. Akakumbushwa kwamba aliyanunua yeye. Akajibu kuwa aliyanunua kwa kuwa alimwona mkewe anayashikashika dukani.

"Nilikuwa naangalia kama yanachuja," mama akasema. "Na kwenye mgao nikayagombania."

Jioni ile hakuna namba nyingine iliyoandikwa.

Haukupita muda cherehani ikaja kwa mkokoteni. Fundi akaniita pembeni, akanieleza kwa adabu kwamba mama anahitaji mahali pa kushonea, na chumba ni kile kile kimoja. Nikabisha kadiri nilivyoweza. Nikaambulia kodi ya mwezi mmoja kurudishwa na magodoro kubebwa bure mpaka chumba changu kipya, jirani na mashine ya kusaga, ambako mteja hasikii hata bei.

Wimbo uliofutwa ni ule wa baiskeli tu. Za msiba zipo na zinapigwa.

Siku ya kuhama waliniomba godoro, lile la maonyesho, futi tano kwa sita. Nikataja bei ya kuanzia, nikajiandaa kushuka. Mama akafungua pochi akalipa. Mpaka leo naamini ningeweza kutaja bei kubwa zaidi.