Geji Niliyoichagua Tanga

Kijiji chetu cha ujamaa, juu kidogo ya Mlola, kilikuwa na msumeno mmoja wa injini, nami ndiye niliyekuwa fundi wake. Mwenyekiti alinituma Tanga nikanunue geji ya kupima kompresheni, yaani nguvu ya pistoni kubana hewa, tujue injini inapochoka kabla haijatufia msituni.

Dukani niliwekewa mbili. Moja ilikuwa fupi, yenye mdomo wa mpira wa kukandamiza kwa mkono kwenye tundu la plagi. Nyingine ilikuwa na bomba refu la kukaza, na uso mkubwa kama saa ya ukutani. Nilisita mpaka muuzaji akaanza kuhudumia wengine. Niliogopa kurudi kijijini na kitu kinachofanana na kichezeo cha watoto. Nikachukua ya bomba.

Kijijini, nilipoifunga kwenye msumeno na kuvuta kamba, mshale haukufika hata mia, ilhali injini nzima huipita. Nikavuta tena na tena. Palepale. Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Msumeno umekufa?" aliuliza.

"Pistoni imekwisha," nilijibu.

Akamgeukia mzee aliyekuwa akiuendesha msumeno huo msituni. "Umeutia mafuta gani? Hii ni hujuma!"

"Leo asubuhi umewaka kwa mvuto wa pili," mzee alisema.

Kesho yake mzee aliondolewa kwenye msumeno, akapelekwa shamba la maharage, na mwenyekiti akaanza kuandika barua ya kumshtaki wilayani.

Maneno ya mzee yalinirudia. Injini iliyokufa haiwaki kwa mvuto wa pili. Siku ya tatu nikabeba geji hadi Lushoto, kwenye karakana moja, nikamwomba fundi mkuu wa hapo aniruhusu nipime msumeno wao mpya. Mshale ukasimama palepale, chini ya mia. Nikamwonyesha fundi geji yangu.

"Hii ni ya magari," alisema. "Injini ndogo ina pumzi kidogo, yote inaishia kujaza bomba. Ungechukua ile fupi."

Nilirudi nusu nikikimbia, nikihofu barua imeshaondoka. Ilikuwa bado mezani. Nilikiri kosa langu, mwenyekiti akaichana barua. Nikaenda shambani.

"Shikamoo, mzee. Msumeno ni mzima. Kosa ni langu, nilichagua geji isiyofaa."

"Marahaba." Alipangusa udongo mikononi. "Umekula?"

Alinipa kiazi cha kuchemsha, tukala tumesimama kati ya matuta. Hakulitaja tena jambo lile. Alirudishiwa kazi yake, ila tangu siku hiyo, kila nilipougusa msumeno, alikuja kusimama karibu, macho yake kwenye mikono yangu.