Sikio la Kitinda Mimba

Fundi wa nguo yule, mtaa mzima ulimwita Cherehani, maana mdomo wake na mashine yake vilikwenda mbio sawasawa. Alikuwa mtu wa kusema "naweza" kabla hujamaliza kuuliza. Ila kitinda mimba wake, binti wa miezi minane, alikuwa anamtoa jasho: kila akishikwa na mafua, homa inapanda, analia huku akilivuta sikio la kushoto. Safari hii aliamka mto wake wa kulalia una usaha.

Mama mkwe alishapasha mafuta kwenye kijiko. "Matone mawili tu, mwanangu. Mumeo nilimtibu hivi hivi."

"Ndiyo maana ukimwita hasikii!"

Mama mkwe alitaka kununa, kicheko kikamponyoka.

"Sikio linalotoa usaha halitiwi kitu, mama," Cherehani akasema, sasa kwa upole. "Twende wote zahanati."

Daktari alilimulika sikio, kisha akauliza mtoto hunywaje maziwa, na nani huvuta sigara nyumbani. Cherehani hakuficha. Kazi zikimzidi, humlaza mtoto chali, chupa akaiegemeza kwenye furushi la vitambaa. Na sigara? Baba mtu, sebuleni, kila jioni.

"Kuna kijia kutoka nyuma ya pua hadi ndani ya sikio," daktari akaeleza. "Kwa mtoto ni kifupi, tena kimelala. Akinywa yuko chali, maziwa huweza kupenya huko. Mafua na moshi navyo hukivimbisha, majimaji yanakwama, vijidudu vinapata makao. Mpakate, kichwa kiwe juu. Dawa imalizeni hata akichangamka mapema, maji yasiingie sikioni, na mrudi nilitazame."

Jioni ile mume alikuta kiti chake kibarazani.

"Nimefukuzwa?"

"Wewe hapana, baba watoto. Sigara ndiyo imehama."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mwavuli upo."

Alinung'unika siku mbili tatu, akazoea.

Tangu hapo, saa ya maziwa mashine ilinyamaza. Mteja mmoja aliwahi kufoka kuhusu gauni lake la harusi, Cherehani, mtoto mapajani, akamjibu, "Harusi ni Jumamosi, dada. Njaa ya huyu ni sasa hivi." Gauni lilitoka Ijumaa, limemkaa bibi harusi kama ngozi.

Waliporudi zahanati, sikio lilikuwa kavu, na kiwambo chake, ile ngozi ya ndani iliyotobolewa na usaha, kimejiziba. Msimu wa baridi mafua yalipiga hodi tena. Yaliishia puani.