Bibi Alipokalia Kituo cha Tatu

Juzi nilikuwa nasubiri gari stendi ya Biharamulo, nikaingia mgahawani kunywa chai. Kwenye televisheni walikuwa wanacheza besiboli. Kijana mmoja akajitupa kwa tumbo mpaka kwenye kituo, vumbi likatimka, nami nikacheka peke yangu hadi mhudumu akauliza kama chai ina kasoro. Chai haikuwa na kasoro, rafiki yangu. Nilikuwa nimemkumbuka bibi.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Malori ya chakula hayakukatika barabarani, na kwetu Murusagamba kila nyumba ilikuwa na kipande cha turubai, kama si juu ya banda la mbuzi, basi chini ya maharage yaliyoanikwa. Shuleni tukapata mwalimu mgeni wa hisabati, mtu mpole aliyezungumza Kiswahili polepole kama anayehesabu, na ndiye aliyetufundisha mchezo huo. Rungu la kupigia alituchongea seremala wa parokia. Kwa vituo, yaani pale mkimbiaji anapotakiwa kugusa, tulichukua magunia matupu ya unga wa msaada tukayashindilia majani makavu ya migomba. Yalikuwa laini kuliko kitanda changu.

Siku moja mwalimu akatangaza kwamba mikoa itashindana Dar es Salaam, mashindano ya kwanza ya taifa. Wasichana wa Ngara wangecheza na wa Biharamulo pale Nyamiaga, na washindi ndio wangeuwakilisha mkoa. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa sijawahi kuvuka Biharamulo. Niliitaka safari ile hadi nikawa nasukuma pembeni sahani ya ndizi na maharage, jambo ambalo nyumbani lilichukuliwa kuwa dalili ya malaria.

Basi siku ikafika, na mchezo ukafika zamu ya mwisho tukiwa sare. Nilikuwa kituo cha pili. Mwenzangu akaupiga mpira ukaenda mbali, nami nikatoka mbio kuelekea cha tatu. Nikainua macho, nikamwona bibi amekikalia.

Alikuwa ametoka Murusagamba na lori la mihogo, amechoka. Wakati watu wote wanautazama mpira, yeye aliona gunia nono limewekwa wazi, akashukuru, akaketi, akaweka kapu lake miguuni. Kituo hicho kililindwa na msichana wa Kaniha, wa timu ya Biharamulo, mrefu, mwenye mikono myepesi kuliko sisi wote. Naye angemwambiaje mtu mzima ainuke?

Miguu yangu ilisimama yenyewe. Bibi alizoea kusema kwamba anayempita mkubwa bila salamu kalelewa na mbuzi. Nikapiga magoti vumbini, nikampa mikono miwili, nikamwamkia. Akaitikia, kisha akaanza kuuliza habari za shule, za kikohozi changu, na kama nimekula.

Nikausikia mpira ukitua kwenye mikono ya yule msichana nyuma yangu. Gunia nilikuwa sijaligusa. Angenigusa bega tu na mpira, ningekuwa nimetoka, na safari ingebaki yao. Wenzake walikuwa wanampigia kelele afanye hivyo. Yeye akauficha mpira mgongoni, akapiga magoti kando yangu, akasubiri zamu yake ya kuamkia.

Mwalimu, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi, akaja akihema, akamuuliza msichana kama alikuwa amenigusa.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Alikuwa anaamkia."

Bibi akasaidiwa kuinuka, nikaruhusiwa kubaki pale kituoni. Mpigaji aliyefuata akaupiga mpira, nikakimbia hadi kituo cha nyumbani, pale tunapoanzia, tukapata pointi tukashinda. Nilishangilia hadi sauti ikakauka, na nasema kwa aibu kwamba sikumfuata yule msichana hata kumpa mkono. Alikuwa anajifuta vumbi magotini.

Dar tulichapwa vibaya siku ya kwanza tu. Bibi amelala Murusagamba sasa. Ule uwanja umejengwa nyumba, makambi yameota mikaratusi, na watoto wananipungia mkono wakiwa juu ya baiskeli bila kupunguza mwendo.

Nyumbani bado nina picha ya timu, na wageni huniuliza kama kweli niliwahi kuuwakilisha mkoa wa Kagera. Huwa nawajibu kwamba aliyeuwakilisha ni msichana wa Kaniha, mimi nilisafiri tu.